NANE NANE NI SIKU YA NYUMBA NZIMA



Mwezi wa Agosti umekaribia. Tarehe 8 ya mwezi huo ni sikukuu ya taifa letu. Ni Siku ya Wakulima. Sisi wote tunaiita Nane Nane, kwa kuwa ni siku ya nane ya mwezi wa nane. Siku hiyo ofisi hufungwa. Viongozi hutoa hotuba. Viwanja vya maonesho hujaa watu: Nzuguni kule Dodoma mjini, Themi kule Arusha, John Mwakangale kule Mbeya, Ngongo kule Lindi, na vingine.

Lakini wakulima wengi hawafiki kwenye viwanja hivyo. Labda wewe ni mmoja wao. Nauli ni kubwa. Mifugo haiwezi kuachwa peke yake. Mtoto ni mdogo, bibi ni mgonjwa. Kwa hiyo unakaa nyumbani na kusema, "Nane Nane ni ya watu wa mjini."

Hapana. Mimi ni bwana shamba. Nimetembea vijijini kwa baiskeli, na sasa kwa pikipiki, zaidi ya miaka 20. Ninakuambia kwamba sikukuu hii ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote. Na mahali pake hasa ni nyumbani kwako, kwenye mlango wa ghala lako, pamoja na mkeo au mumeo, watoto wako na wazee wako.

SIKU HII ILITOKA WAPI

Waulize wazee wa kijiji chako. Watakuambia kwamba zamani siku ya wakulima haikuwa Nane Nane. Ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai. Siku hiyo, mwaka 1954, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Saba Saba ikawa siku kubwa. Kwa miaka mingi ilikuwa pia ndiyo sikukuu ya wakulima. Watu walicheza ngoma, walionesha mazao yao, na walisikiliza hotuba redioni.

Katika miaka ya 1990 sikukuu ya wakulima ilihamishiwa tarehe 8 Agosti. Saba Saba imebaki kuwa sikukuu. Siku hizi inajulikana zaidi kwa maonesho makubwa ya biashara ya Dar es Salaam. Mkulima akapewa Nane Nane.

Kwa maoni yangu, sisi watu wa Dodoma tulifaidika kwa mabadiliko hayo. Julai wengine bado wanapura mtama. Agosti kazi hiyo imekwisha.

Sasa tazama sikukuu nyingine za taifa. Mapinduzi ni tarehe 12 Januari. Siku hiyo jembe liko mkononi na magugu yanatushinda. Muungano ni tarehe 26 Aprili. Mazao bado yako shambani na tunafukuza ndege. Uhuru ni tarehe 9 Desemba. Tunatazama mawingu na kupanda. Nane Nane inakuja wakati wa kiangazi, wakati jua ni kavu, upepo ni wa baridi, na chakula kiko ndani. Ni sikukuu inayomkuta mkulima akiwa na kitu.

Na hapo ndipo penye hatari.

NJAA YA JANUARI INAANZA AGOSTI

Watu husema njaa inaletwa na mvua. Ni kweli, mvua ikikosekana hatuna la kufanya. Lakini nimeona nyumba nyingi zikipata njaa baada ya mwaka mzuri. Njaa hiyo haikutoka mawinguni. Ilitoka kwenye ghala, mwezi wa Agosti, mchana kweupe.

Nikueleze juu ya nyumba moja. Jina la mwenye nyumba sitalitaja, maana ni mtu mwema na bado tunasalimiana. Mwaka huo alivuna magunia 11 ya mahindi. Kwa kijiji chetu hayo si mavuno mabaya. Siku chache kabla ya Nane Nane gari la mnunuzi likafika. Baba akauza magunia 6. Bei ilikuwa ndogo, kwa sababu kila mtu alikuwa anauza. Tena mnunuzi alijaza lumbesa. Unajua lumbesa: gunia linajazwa hadi shingoni, halafu linashonewa kilemba juu. Kwa hiyo magunia 6 ya mnunuzi yalikuwa karibu magunia 7 ya mkulima. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo, lakini mnunuzi hujua kwamba mkulima ana haraka ya sikukuu.

Baba alikwenda mjini kwa maonesho. Alikwenda peke yake. Alirudi baada ya siku nne na redio mpya, shati jipya, kitenge cha mkewe na pakiti ya biskuti. Watoto walifurahi. Mama alipokea kitenge, akashukuru. Kisha akaenda ghalani, akatazama, akanyamaza.

Januari ilipofika mama yule alikuwa ananunua mahindi kwa kopo. Bei ya kopo wakati huo ilikuwa mara mbili ya bei ya Agosti, na zaidi. Ili kupata fedha za kununua, baba na mama walikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Shamba lao wenyewe likachelewa kupaliliwa. Mwaka uliofuata wakavuna magunia 4.

Unaona mlolongo huo? Sikukuu ya siku moja imekula misimu miwili. Baba yule hakuwa mlevi wala mvivu. Hakuhesabu tu. Na mkewe, ambaye alijua nyumba inakula kiasi gani kwa siku, hakuulizwa.

HESABU GHALA PAMOJA, TAREHE 7

Kwa hiyo ninakushauri uanze sikukuu yako siku moja kabla. Jioni ya tarehe 7, ng'ombe wakisha kurudi, iteni nyumba nzima. Nendeni kwenye ghala, kihenge au kilindo. Baba awepo. Mama awepo. Bibi na babu wapewe viti. Watoto wanaojua kuandika walete daftari na kalamu. Na wewe uliyehitimu kisomo cha watu wazima, hii ndiyo kazi ya kisomo chako. Usimwachie mtoto peke yake. Andika na wewe.

Kwanza mama aseme: debe moja la nafaka linatosha siku ngapi katika nyumba hii? Yeye ndiye anayejua. Asikatizwe. Ikiwa hana hakika, pimeni debe moja, anzeni kulitumia, na andikeni tarehe. Debe likiisha, mtajua.

Tuseme nyumba ina watu 7: baba, mama, watoto 4 na bibi. Mama anasema debe moja linatosha siku 8.

Sasa hesabuni siku. Kuanzia tarehe 9 Agosti hadi mwisho wa Mei, mavuno mapya yanapoingia, ni siku 296. Gawanyeni 296 kwa 8. Mtapata 37. Yaani nyumba hii inahitaji debe 37 ili ifike mavuno bila kununua.

Gunia moja, lisilo la lumbesa, ni debe 6. Kwa hiyo debe 37 ni magunia 6 na debe 1. Lakini maisha si ugali wa kila siku tu. Kuna wageni. Kuna msiba. Kuna siku za kulima, ambapo watu hula zaidi. Kuna na pombe, tusifichane. Pombe ya nyumbani hutengenezwa kwa nafaka, na nafaka hiyo hutoka ghala hilohilo. Ongezeni debe 5. Sasa mmefika debe 42. Hayo ni magunia 7 kamili.

Magunia hayo 7 hayauzwi. Yasemeni kwa sauti mbele ya watoto: "Haya ni chakula." Nyumba iliyovuna magunia 11 inabaki na magunia 4. Hayo 4 ndiyo ya kufanyia shughuli nyingine. Hata hayo msiyauze yote Agosti. Uzeni moja au mawili kwa mahitaji ya sasa. Yaliyobaki yangojeni Januari au Februari, bei inapopanda.

Na kama mmevuna magunia 5 tu? Basi hesabu itawaambia ukweli mapema. Chukueni debe 30, zidisheni kwa siku 8. Ni siku 240. Chakula chenu kitaisha mwanzoni mwa Aprili, na kama kuna wageni na misiba, kabla ya hapo. Ni habari chungu. Lakini ni bora kuijua Agosti kuliko Machi. Agosti bado unaweza kuuza mbuzi akiwa mnene, ukanunua mahindi yakiwa ya bei ndogo. Machi mbuzi atauzwa kwa bei yoyote, na mahindi utanunua kwa bei ya mwenye nayo.

Baadhi ya akina baba wananiuliza, "Bwana shamba, unataka watoto wajue siri ya ghala?" Ndiyo, nataka. Mtoto anayejua kwamba kuna magunia 7 ya miezi 10 hamwagi unga ovyo. Binti huyu kesho atakuwa mama wa nyumba, na kijana huyu atakuwa baba. Watajifunza wapi kuhesabu ghala kama si kwenu?

MCHUNGUZE NAFAKA KABLA YA KUFUNGA

Mkiwa hapo ghalani, tazameni na hali ya nafaka. Kuna unga unga mweupe chini ya gunia? Huyo ni dumuzi. Mdudu huyu hakuwepo kwa babu zetu. Alikuja kutoka Marekani ya Kati. Hapa kwetu alianza kujulikana mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wengine walimwita Skania, kwa jina la malori makubwa, jinsi anavyobeba mzigo! Akiachwa miezi mitano, unabaki na maganda na vumbi.

Pukuchueni mahindi yenu, maana dumuzi hupenda sana mahindi yaliyo kwenye gunzi. Pepeteni. Kisha pimeni ukavu. Njia ni rahisi na watoto wanaipenda. Chukueni chupa kavu yenye kifuniko. Tieni mahindi hadi robo ya chupa, na vijiko viwili vya chumvi kavu. Fungeni, mtikise kwa dakika chache, mwache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yaanikeni tena, juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Chumvi ikidondoka chini yote, mahindi yamekauka.

Baada ya hapo mna njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Nunueni ile inayouzwa kwenye duka la pembejeo, yenye maandishi na tarehe ya mwisho. Sasa mnajua kusoma. Fuateni kipimo kilichoandikwa. Dawa ya shambani, ya pamba au ya nyanya, isiingie ghalani kabisa. Inaua watu.

Njia ya pili ni mifuko isiyopitisha hewa. Ndani ya gunia mna mifuko miwili ya nailoni. Unajaza nafaka kavu, unatoa hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo ndani hukosa hewa, hufa. Hakuna dawa inayotumika. Ninaipenda njia hii kuliko ya kwanza, ingawa mfuko unagharimu fedha. Ukiutunza, na panya wasiutoboe, unatumika tena mwaka wa pili.

Jambo jingine, na hili ni la uhai. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiliwe. Ukungu ule una sumu inayoitwa sumukuvu. Haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hii si hadithi ya mbali. Ni hapa kwetu. Basi watoto wenye macho makali wachambue punje mbovu siku hiyo. Punje hizo zisitiwe kwenye pombe. Wala kuku wasipewe. Zifukieni.

KARAMU YA MAZAO YENU

Sasa tufike tarehe 8 yenyewe. Watu wanataka kula vizuri, na ni haki yao. Wamefanya kazi tangu Novemba.

Wengi hufikiri karamu ni lazima iwe wali na soda. Wali ni mzuri. Lakini sisi hatulimi mpunga. Mchele tunaununua kwa fedha ya mahindi, na soda vilevile. Siku ya Wakulima ni siku ya kula kilichotoka shambani kwenu. Tazameni mlivyo navyo: ugali wa uwele au wa mtama, mlenda uliotiwa karanga, kunde, maboga, njugu mawe, mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapa hapa. Hiyo ni meza ya tajiri. Mgeni wa mjini akija atakula mpaka alegee.

Kama mna kuku, chinjeni. Lakini chagueni. Nimeona nyumba ikichinja tembe anayetaga kwa sababu ndiye aliyekamatika kwa urahisi. Huyo ni kiwanda cha mayai. Chinjeni jogoo. Nyumba yenye tembe watano haihitaji majogoo wanne, ambao kazi yao ni kupigana. Abaki mmoja aliye bora, waliozidi waingie chunguni.

Nyama ikiiva, gawanyeni kwa akili. Desturi ya baba kupewa firigisi siipingi. Mimi mwenyewe huipokea. Lakini mtoto mdogo na mama mjamzito nao wapate nyama, wasipewe mchuzi na mfupa tu. Hao ndio wanaojenga mwili. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ilifundisha jambo hili nchi nzima. Watu walikaa kwa vikundi kando ya redio, wakisikiliza na kujadiliana. Bibi anaweza kuwa anakumbuka. Muulizeni.

Na nani atapika? Hapa nitasema jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wasomaji wangu wanaume. Kama Nane Nane ni sikukuu ya wakulima, mkulima wa kwanza katika nyumba nyingi ni mama. Amepanda, amepalilia, amefukuza ndege, amevuna, amepura. Halafu siku ya sikukuu yake aamke alfajiri kuteka maji na kukata kuni, ili sisi tusherehekee? Wavulana na wateke maji. Baba na apasue kuni, achinje na amnyonyoe yule jogoo. Katika kitongoji kimoja mzee wa miaka sabini alifanya hivyo mbele ya jirani zake. Wakamcheka. Akajibu, "Mama watoto amelima ekari mbili. Mimi manyoya ya kuku yatanishinda?" Mwaka uliofuata nilikuta wenzake wawili nao wananyonyoa kuku.

MAONESHO YA NYUMBANI

Baada ya kula, fanyeni maonesho yenu. Msicheke. Maonesho ya Nzuguni yalivyo makubwa, yanafanya jambo lilelile: kila mtu anaweka mbele ya wenzake alichokizalisha, wanatazama na kuulizana.

Tandikeni mkeka chini ya mti. Kila mtu alete kitu chake. Mtoto aliyepewa tuta moja la karanga alete karanga. Kijana alete suke kubwa la mtama kuliko yote. Mama alete mbegu zake za maboga na za kunde, zile anazozihifadhi kwenye kibuyu chenye majivu. Kila mmoja aeleze alipanda lini, alifanya nini, na nini kilimshinda. Bibi awe hakimu. Zawadi iwe kitu cha maana, kwa mfano kifaranga au tuta la kulima msimu ujao.

Jirani wakipenda, waiteni. Nyumba tano au sita za kitongoji zikikutana, mtagundua mambo. Mtaona kwamba mtama wa jirani ulikomaa mapema wakati wenu ulikauka. Atawaambia alipanda mbegu ya Macia, inayokomaa haraka. Somo hilo lina nguvu kuliko hotuba yangu, kwa sababu shamba lake mnalipita kila siku.

Hapo hapo chagueni mbegu. Mtama, uwele, kunde na njugu mawe mnaweza kutunza mbegu zenu wenyewe. Tengeni masuke makubwa yasiyo na ugonjwa, muyaweke mbali na ya kula. Lakini mahindi chotara msiyatunze kwa mbegu. Mwaka wa pili hayazai kama ya kwanza. Hayo ni ya kununua kila msimu.

WANAOKWENDA KWENYE MAONESHO MAKUBWA

Sikatazi watu kwenda Nzuguni au kiwanja kingine. Nenda, ukiweza. Maonesho huanza tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8. Ukitaka kujifunza, nenda siku za mwanzo. Siku ya kilele watu ni wengi mno, na mtaalamu hana nafasi ya kukujibu.

Kama nauli ni ya mtu mmoja tu, kaeni muamue ni nani. Si lazima awe baba kila mwaka. Ikiwa kuku na bustani viko mikononi mwa mama, na mnataka kujua juu ya chanjo ya mdondo, basi mama ndiye aende. Kabla hajaondoka, nyumba nzima iandike maswali kwenye karatasi. Maswali matatu yanatosha. Akifika asizunguke tu kutazama ng'ombe wakubwa na matrekta. Aulize, aandike majibu, na akirudi awasomee wote.

Fedha za safari zihesabiwe na zitajwe. Gunia la chakula lisiguswe. Ukiona mbegu nzuri inauzwa, tazama kifurushi. Mbegu bora ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu. Mbegu inayouzwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lisilo na jina, hata muuzaji awe na maneno matamu kama asali, iache hapo hapo.

Wanaobaki nyumbani wasikilize hotuba redioni. Mnaweza kukaa pamoja kama zamani, na baadaye kuulizana: Je, jambo hili linatuhusu vipi sisi?

JIONI

Jioni ni ya wazee. Washeni moto uani. Babu aeleze miaka ya shida aliyoiona, kama ukame wa mwaka 1974. Aeleze watu walikula nini, na nani aliyekuwa na akiba. Watoto wa siku hizi wanajua nyimbo za simu, lakini hawajui kwa nini nyumba yao ilihamia hapa walipo. Ngoma ziwepo, kama wachezaji wapo. Pombe ikiwepo iwe ya kiasi, na kijana wa pikipiki asiinywe kabisa, maana usiku atawabeba watu.

Tena angalieni moto. Agosti majani ni makavu na upepo ni mkali. Vijana hupenda kuchoma mapori siku za sikukuu ili kuwinda panya. Moto huo hauna breki. Mabua yaliyoko shambani ni chakula cha ng'ombe wenu mwezi wa Oktoba.

Kesho yake, tarehe 9 asubuhi, fungeni ghala. Andikeni mambo matatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: tarehe, idadi ya magunia ya chakula, na siku ambazo debe moja linatosha. Kila debe likitolewa, mwekeni alama. Daftari likae kwa mama, mahali ambapo baba naye analifikia.

Mwisho wa mwezi wa Septemba nitapita vijijini kukagua maghala kabla ya mvua. Nikifika kwako, kabla hujanipa kiti, nitaomba kuliona daftari hilo.